Dakika Saba za Kukomiti

Jirani zangu wa Mwabungo mpaka leo hawajui nilikuwa nikifanya kazi gani. Nimewaambia mara nyingi kwamba nilikuwa mtunza ghala katika afisi moja pale Ukunda, na kila nikisema hivyo wananitazama mikono, kama wanaotafuta vumbi la unga. Mwaka niliostaafu, Bi Mwanakombo wa nyumba ya pili alikuja na magunia matatu ya korosho akaniomba nimtafutie nafasi "kule ghalani kwenu" mpaka mvua ipite. Nilicheka, kisha nikaona haya, maana nilijaribu kumweleza nikashindwa. Ghala langu halikuwa na mlango wala ukuta. Magunia yale tuliyaweka chini ya kitanda changu cha wageni.

Basi nawaandikia nyinyi vijana mlioingia kazi hii, na nyinyi mnaotaka kuingia. Mkielewa mapema mahali ambapo mimi nilichelewa kuelewa, mnistahimilie. Kuna mambo ya mwaka wangu wa mwisho kazini ambayo bado yananichanganya.

Afisi yetu ilitengeneza programu ya hoteli: kugawa vyumba, kupanga zamu za jikoni, kufuata mashuka yanayokwenda kwa dobi na kurudi. Tulikuwa watu kumi na wawili, na kila tulichoandika kilikaa katika ghala moja, tuliloliita ripo. Mfumo unaoitunza ripo unaitwa Git. Ukimaliza kipande cha kazi unakomiti, yaani unaiambia Git, "Hiki ndicho nilichobadilisha, na hii ndiyo sababu, kiweke." Nayo hukiweka pamoja na jina lako na saa, na hata baada ya miaka mtu anaweza kurudi akaona nani aliugusa mstari upi. Kwa kawaida ni jambo la kufumba na kufumbua. Unabonyeza, limekwisha.

Kwetu lilifika dakika saba.

Halikufika siku moja. Mwanzoni ilikuwa unabonyeza, unavuta pumzi, tayari. Kisha ikawa unabonyeza, unakunywa maji. Kisha Mutua, kijana wa Machakos aliyekuwa na miezi minne tu pwani, alibonyeza, akaenda kibandani kununua viazi karai, akala akamaliza, akarudi, na bado. Akaniambia, "Madam, hii ripo imezeeka kunishinda mimi."

Nilicheka. Ripo ilikuwa yangu. Niliianzisha mimi wakati afisi ina watu watatu, na kila aliyeajiriwa nilimketisha nikamwandalia kompyuta yake kwa mkono wangu. Waliniita Bi Riziki wa Ripo. Kwa hivyo ripo ilipougua, ilikuwa kama mtu amesema mtoto wangu ana kikohozi.

Sasa, mtu akijua kukomiti kutamchukua dakika saba, hakomiti tena. Anangoja kazi iwe nyingi, aiweke yote kwa pamoja. Na kazi ikiwekwa kwa pamoja, kosa dogo hujificha ndani yake kama mwiba wa samaki ndani ya wali. Mwezi wa Novemba, tukijitayarisha kwa msimu wa Krismasi, mmoja wetu alikomiti kazi ya siku nne kwa mpigo. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja uliofutwa kwa bahati mbaya. Jumamosi hiyo, hoteli moja ya Diani ikampa chumba kimoja familia mbili. Ile iliyochelewa kufika ilikuwa na bibi kizee aliyesafiri tangu alfajiri, na alikaa mapokezini mchana kutwa mkoba wake mapajani, akiambiwa ngoja kidogo, ngoja kidogo. Meneja wetu, Bwana Fadhili, alinionyesha picha yake kwenye simu. Alikuwa ametumiwa na mwenye hoteli bila maneno yoyote, picha tu.

"Bi Riziki," akaniambia, "Desemba tukiingia hivi, tumekwisha. Nataka kujua nini kinachoifanya ripo iwe nzito. Na nani."

Hilo neno "nani" ndilo lililonipoteza. Lakini sitaki kumlaumu Bwana Fadhili. Yeye aliuliza mawili, mimi nikachagua la kuanza nalo.

Kabla ya hapo nilijipoteza mwenyewe kwa njia nyingine. Nilimwita fundi wa intaneti. Alikuja na ngazi, akapanda juu ya paa, akageuza kile kidishi huku na huku, jua linampiga, mimi nipo chini namwelekeza, "Kushoto kidogo, baba, kushoto." Mutua akatoka nje akasimama kando yangu. Akanong'ona, kwa adabu, "Madam, pole kuuliza. Lakini kukomiti si kunaishia tu hapa kwa mashine? Hiyo intaneti inaingilia wapi?"

Alikuwa sawa kabisa. Kukomiti hakutoki nje ya kompyuta yako. Kutuma kazi kwa wenzako ni jambo jingine, linakuja baadaye. Nimewafundisha watu hilo kwa miaka. Nilijua, na bado nilimpandisha mtu juu ya paa. Nikashindwa kumwambia ashuke. Nikamwacha amalize, nikamshukuru, akaenda.

Halafu nikashika kwamba ni joto. Niliona asubuhi ripo inakuwa nzito kuliko mchana, na hilo lilinitatiza, maana joto lingefanya kinyume. Nikaja kukumbuka sababu yake: kompyuta ikiamka, inalazimika kuyatazama mafaili yote upya, na yetu yalikuwa mengi kupita kiasi. Ikishayatazama mara moja, inayakumbuka, na mara ya pili inakwenda upesi. Nikatengeneza mpango wa kuyakumbuka hayo vizuri zaidi. Dakika saba zikawa sita na nusu. Nikatangaza kwamba tumepata dawa. Siku mbili zikapita, zikarudi saba.

Hapa niwasimulie kidogo habari za Bwana Nyamawi, maana yeye ndiye aliyenifundisha kazi kabla sijaijua kompyuta. Nilianza nikiwa opareta wa simu katika hoteli, na yeye alikuwa fundi wa laini. Siku moja vyumba kumi vilinyamaza. Nikamwambia ni panya wanakula nyaya. Akaniuliza, "Umewaona?" Nikasema la. Akachukua simu yake ya kupimia, yenye vikamba viwili, akanichukua na mimi. Tukaenda kisanduku cha nyaya baada ya kisanduku, kila mahali anachomeka, anasikiliza, ananipa nisikilize. Kisanduku cha sita, kimya. "Basi ni kati ya cha tano na hiki," akasema. "Laini haifi kote, Riziki. Inakufa mahali. Wewe tembea tu mpaka ufike."

Niliyabeba maneno hayo zaidi ya miaka thelathini. Niliwaambia wengine. Na mwaka ule sikutembea. Nilisimama nikanyoosha kidole.

Niliyemnyooshea kidole aliitwa Mwanahamisi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Majoreni, mpole, mtu wa kufika mapema na kusalimia kila mtu kwa jina. Kazi yake ilikuwa sehemu ya picha: kila chumba cha kila hoteli kilipigwa picha pande zote, na yeye alizipanga ili mgeni aone kitanda chake kabla hajafika. Nilipoyahesabu mafaili ya ripo, nikakuta zaidi ya nusu ni picha zake. Ripo haipendi picha. Inapenda maandishi, maana maandishi inayalinganisha mstari kwa mstari. Picha inazibeba tu, kama punda.

Nikasema, haya, nimempata.

Kisha nikagundua jambo la pili lililonipa uhakika, ingawa sikulielewa. Kompyuta zote zilikuwa nzito, ila ya Mwanahamisi. Yeye alibonyeza, ikakubali, basi. Nilipita nyuma yake mara mbili nikaona kwa macho yangu. Mpaka leo siwezi kuwaambia nilidhani maana yake ni nini. Kwamba mtu aliyeleta mzigo mwenyewe halemewi nao? Hakuna elimu inayosema hivyo. Lakini mtu akishaanza kutafuta mkosaji, kila kitu kinafanana naye.

Tulipokutana Jumatatu, watu wote wakiwa mezani, Bwana Fadhili akaniomba nieleze. Nikaeleza habari za picha. Mwanahamisi akasema, kwa sauti yake ile ndogo, "Bi Riziki, picha nilizileta mwaka juzi. Uzito umeanza mwaka huu."

"Uzito huja polepole," nikamjibu. Na hapo hapo nikasema neno ambalo ningelimeza kama lingemezeka: "Na jambo jingine, kompyuta yake yeye peke yake ndiyo yenye kasi humu ndani. Muulizeni ni kwa nini."

Hakuna aliyemuuliza. Watu walimtazama tu. Yeye alifungua kinywa, akanitazama mimi, akakifunga. Kisha akainamisha macho kwenye daftari lake.

Tukaamua picha zitolewe, si kwa kuzifuta tu, bali kuzing'oa katika historia yote ya ripo, kama hazikuwahi kuwamo. Ni kazi kubwa na ya hatari. Ukishaifanya, nakala ya ripo iliyo katika kompyuta ya kila mtu haifai tena. Kila mmoja lazima aitupe yake na kuchukua mpya. Nilifanya hivyo siku ya Jumamosi. Kazi ya miaka miwili ya Mwanahamisi ikahamishiwa pembeni, na jina lake likatoka katika maelfu ya kumbukumbu.

Jumatatu watu wakakomiti. Ilikuwa sekunde mbili.

Walipiga makofi. Mutua alisimama juu ya kiti akakomiti mara tano mfululizo neno moja tu, analiongeza, analitoa. Bwana Fadhili akanunua mahamri na mbaazi za afisi nzima. Mwanahamisi alikula hamri moja, akafuta meza yake, na Ijumaa ya wiki hiyo akaleta barua ya kuacha kazi. Aliniaga. "Shikamoo, Bi Riziki. Nashukuru kwa yote uliyonifunza." Nikamwitikia marahaba, nikamwombea heri. Niliona uchungu kidogo, lakini uchungu wa mtu aliyekuwa na haki. Ndivyo nilivyojiambia.

Wiki iliyofuata uzito ukarudi.

Nataka mnielewe nilivyochanganyikiwa. Picha hazimo. Mwanahamisi hayupo. Nimethibitisha kwa vitendo, watu wamekula mahamri. Na kompyuta ya Mutua inakomiti kwa dakika tano. Siku iliyofuata, mbili nyingine. Kesho yake tena mbili. Uzito ulikuwa unatembea mezani kama ugonjwa wa macho mekundu, mtu baada ya mtu, na sikuona unaambukizwa vipi. Niliandika orodha ya waliopatwa kwanza na waliofuata, nikajaribu kuipanga kwa umri wa kompyuta, kwa waliokaa dirishani, kwa aina ya kazi. Haikupangika. Nyumbani nilichukua msahafu nikasoma, kisha nikamwambia Mwenyezi Mungu wazi kwamba kama ni kijicho cha mtu, akiondoe, na kama ni ujinga wangu, anionyeshe.

Alinionyesha kupitia Mutua.

Alikuja mezani kwangu mchana, akakwaruza kichwa. "Madam, usikasirike. Vijana wanasema kitu."

"Wanasema nini?"

"Wanasema kila mashine unaigusa, inakuwa slo."

"Mimi?"

"Si kwa ubaya. Lakini angalia. Ulikuja kwangu Jumanne. Jumanne ndiyo yangu ilianza. Ukaenda kwa Zuhura na Baraka Jumatano. Jumatano zao zikaanza. Jana umekaa na wale wawili wa nyuma, leo wanalia. Sasa watu wanakuona unakuja wanajifanya wako bize."

Nilimtazama nikidhani ananifanyia mzaha. Kisha nikaivuta ile orodha yangu. Ilipangika. Ilikuwa orodha ya mahali nilipopita mimi.

Na mbona nilikuwa nikipita? Hili inabidi nilieleze, na ndipo aibu yenyewe ilipo. Git inakubali uiwekee mlinzi, programu ndogo ambayo huamka yenyewe kila mtu anapotaka kukomiti, ikakagua, na ikiona kasoro inazuia. Sisi tuliiita ndoana. Miaka mingi nyuma, wakati ripo ikiwa changa, mimi mwenyewe nilisahau neno la siri la mteja ndani ya faili, likaonekana na watu wasiostahili kuliona, na nusura afisi ifungwe. Baada ya hapo niliandika ndoana iliyosoma mafaili yote, la kwanza hadi la mwisho, kutafuta maneno ya siri yaliyosahauliwa. Mafaili yalikuwa machache wakati huo, hata hakuna aliyeona inachelewa. Niliiandika iwe kimya. Haikuandika neno kwenye skrini ila ikinasa kitu. Nilijivunia ukimya wake.

Lakini ndoana haisafiri pamoja na ripo. Mtu akichukua nakala mpya, ndoana haimo, lazima iwekwe kwa mkono katika kila kompyuta. Mnaona? Nilipong'oa picha na kila mtu akachukua nakala mpya, niliwatoa ndoana wote kwa siku moja bila kujua. Ndiyo sababu ya sekunde mbili. Na wiki iliyofuata, mimi mtunza ghala mwaminifu, nikapita meza baada ya meza nikiirudisha. Kompyuta yangu niliirudishia ya kwanza kabisa, lakini siku hizo nilikuwa nakagua kazi za wengine tu, sikomiti mwenyewe. Sikuonja dawa niliyowanywesha.

Ndipo hatimaye nikatembea. Kuna neno dogo unaliandika mbele ya amri, nayo Git inakusimulia kila hatua inayopita na muda iliotumia. Nilikuwa nimelitumia nikichunguza jinsi inavyotazama mafaili, sikuwahi kulitumia katika kukomiti kwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Nikalitumia. Mistari ikashuka. Kufungua orodha: chini ya sekunde. Kulinganisha: sekunde moja. Kisha mstari wa ndoana. Ukakaa. Mutua alikuwa nyuma yangu. Dakika tano kasoro. Baada yake, kuandika komiti yenyewe: kufumba na kufumbua.

"Hii skripti ni ya nani?" Mutua akauliza. Hakuwa na nia mbaya. Juu ya programu ile ya ndoana kulikuwa na jina langu.

Kuirekebisha hakukunichukua saa nzima. Badala ya kusoma ghala lote, isome yale mafaili yanayokomitiwa tu, manne, matano. Na iseme inapoanza na inapomaliza, watu wajue imo. Sekunde tatu, na ndoana ikiwa mahali pake.

Mtaniuliza, je, picha hazikuwa na hatia yoyote? Hapo ndipo bado nachanganyikiwa. Zilikuwa na sehemu yake. Ndoana ilizisoma nazo, moja moja, na ndiyo maana dakika saba zilirudi zikiwa tano. Kwa hivyo sikuwa nimesema uongo mtupu mbele ya watu. Nimelipindua hili mara nyingi kitandani, nikijipa afueni. Halinipi afueni.

Nilimweleza Bwana Fadhili. Akasema niandike barua kwa wafanyakazi wote, na nyingine ya kumwomba Mwanahamisi arudi. Niliandika ya kwanza usiku huo. Ya pili nikasema nitaipeleka kwa mdomo.

Majoreni nilikuwa nimefika mara moja tu, kwa mazishi. Niliuliza kwa Mwanahamisi binti wa marehemu Mzee Shee, wakanielekeza kwenye duka la steshenari karibu na barabara. Nilimkuta nyuma ya meza, mashine ya kunakili upande huu, printa upande ule. Watu watatu walikuwa kwenye foleni. Akainua macho.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hatujambo sote, alhamdulillahi. Karibu. Keti hapo, niwamalize hawa."

Nikakaa kwenye benchi. Mzee mmoja alitaka nakala ya kitambulisho. Mama mmoja alitaka kuchapiwa barua ya kuomba nafasi ya shule, na alikuwa bado hajaamua aseme nini, kwa hivyo Mwanahamisi alimuuliza polepole, swali kwa swali, mpaka barua ikapatikana. Mtu wa tatu alitaka picha za pasipoti akaambiwa arudi alasiri. Nilingoja karibu saa nzima, nikiwa na bahasha mapajani.

Tulipobaki wawili, nilimwambia yote, sikufupisha. Ndoana, nakala mpya, orodha, jina langu juu ya skripti. Alisikiliza huku akipanga karatasi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni ndoana. Nilijua tangu Septemba. Nilipima, nikaiona, nikawa nairuka. Kuna maneno mawili unayaandika mwisho wa amri, haiamki. Ndiyo maana yangu ilikuwa na kasi."

Neno likanitoka lenyewe, "Mbona hukuniambia?"

Akaacha kupanga karatasi. "Siku yangu ya kwanza kazini, wewe mwenyewe ulinambia: atakayeiruka ndoana amewafungulia wezi mlango, na hatafanya kazi na mimi. Nilikuwa nairuka miezi miwili, Bi Riziki. Ningeanzia wapi?"

"Ile siku ya mkutano, basi. Nilipotaja kompyuta yako."

"Uliwaambia wao waniulize," akasema. "Wewe hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia hapo hapo, hata kama ungenifukuza."

Nje mtu alipita akimsalimia, naye akamwitikia kwa jina. Nikamwambia Bwana Fadhili anaomba arudi, na picha zake zitarudishwa zikiwa na jina lake. Akatikisa kichwa, bila hasira. Alisema hapa amezoea, na watu wa hapa wanamhitaji. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe, Bi Riziki, Mungu atusamehe sote." Akalisema upesi, kama anayeitikia salamu, na sikujua niliweke wapi.

Kisha akaona bahasha. "Hiyo ni ya kunakili?"

Nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa ile barua ya wafanyakazi, ambayo bado sikuwa nimeigawa. Nikampa. Aliisoma yote akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, kama alivyokuwa akisoma programu. Kidole kikasimama aya ya tatu.

"Hapa umeandika 'tulikosea'," akasema. "Wewe na nani?"

Nilitazama. Kweli, niliandika hivyo, na nilikuwa nimeisoma barua ile mara nne.

"Nikuchapie upya?" akauliza. "Ni dakika moja tu."

"La," nikasema. "Nipe kalamu."

Nikaikata "tu" nikaandika "ni" juu yake. Aliichukua, akaipuliza wino ukauke, akainua kifuniko cha mashine, akatoa nakala mbili. Moja alinipa mimi. Ya pili aliikunja mara mbili, akafungua droo, akaitia ndani, akaifunga.